Shingo Upande

Wasemao "kakubali shingo upande"
hawajui wanasema nini.
Mimi nimekubali hivyo siku tisini na moja,
sikio la kulia limelikaribia bega
kama linalonong'onezwa na nguo.

Ilianza kwenye kiua cha kumi na saba, safu ya nne,
kofia ya Bwana Mbarouk, aliyeitaka kabla ya Idi.
Sindano iliingia, haikutoka.
Nikaitazama mkononi mwangu
kama niliyeazima mkono.
Halafu ukaja moto: kutoka shina la shingo
ukashuka nyuma ya bega, ukapinda kiwiko,
ukatokea kwenye gumba na kidole cha shahada,
njia ile ile, kila mara,
kama mtu anayeijua nyumba anayokwenda.

Hapa Utaani kila mlango una dawa yake.
Umelalia mkono, alisema jirani.
Jicho, alisema wifi, kwa hizo kofia zako.
Bi Mize akanichua kwa mafuta ya makonyo
hata paka akahama nyumba,
akanivuta kichwa "kidogo tu"
nikaona nyota saa nne asubuhi.

Usiku ndio wakati wake.
Mto mmoja wa sufi, miwili, bila mto.
Nililala nimekaa, mkono juu ya utosi,
huko tu ndiko unakopoa,
na Faki gizani:
"Umenyoosha mkono, mwalimu kauliza nini?"
Nikacheka. Kucheka kukauma.

Lakini swala.
Kwenye tahiyatu nainua kidole, sikihisi.
Hunibidi nikitazame nijue
kama nimeshuhudia.
Na salamu ya kulia haifiki,
shingo inagota njiani, namalizia kwa jicho.
Malaika wa kulia, niwie radhi.
Wa kushoto nampa uso mzima.

Unguja, Mnazi Mmoja, wakaniambia
vua kila chuma, mashine hii ni sumaku.
Pete. Kipini. Bangili.
Msichana akapapasa kanga yangu,
akachomoa pindoni sindano, uzi bado unaning'inia.
Akaniangalia kama mwizi.
Wallahi nilikuwa nimeisahau.

Daktari Nasra akanionyesha shingo yangu, nyeupe kwenye weusi:
pingili saba, zimepangwa kama vikombe vya kahawa,
na baina ya ya tano na ya sita
kisahani kimechomoza,
kimeukalia mshipa wa neva.
"Unafanya kazi gani, mama?"
Nikainamisha kichwa nimwonyeshe.
"Basi," akasema. "Basi, usinionyeshe."

Miaka thelathini na miwili.
Nilihesabu kwenye boti ya kurudi Pemba:
kofia mia na themanini, kasoro chache,
vichwa mia na themanini vya wanaume
vimesimama wima, msikitini, harusini,
kwa kuinama kwangu.

Bwana Mbarouk Idi aliswali na ya mwaka jana.

Sasa nimepindua sufuria juu ya kinu,
kinu juu ya kasha la marehemu mama,
kofia juu kabisa, sawa na macho.
Nashona kama ninayesutana na mtu wa kimo changu.
Viua vitatu, napumzika.
Vitatu vingine, namwita Raya aendeleze,
naye anaibeba kofia, anakaa mkekani, kidevu kifuani,
vile vile, kama nilivyomfundisha.
"Inuka," namwambia. "Inuka, mwanangu."
Anainuka shingo upande.

Gumba bado limelala.
Cha shahada, jana alfajiri, nilipokiinua,
kilinichoma pale kwenye ncha,
kitone tu, kama sindano inayotafuta tundu.
Sijamwambia mtu.